Mkeka Usio na Mstari Mweusi

Nimewasikia mkiwaambia wageni kwamba ule mkeka ulio juu ya mlango wa kibanda cha rangi ni kazi iliyoharibika. Mmoja wenu alimwambia mama mmoja wa kutoka Machakos kwamba aliyekuwa akiusuka aliugua akauacha katikati. Mwingine akasema uzi mweusi uliisha. Uzi mweusi haujawahi kuisha hapa Kathonzweni. Udongo wake uko mtoni, na miguu ya kuufuata mnayo.

Mmeniaga vizuri nilipostaafu, sikatai. Soda ilikuwa baridi na shuka mlilonipa linafunika miguu yote. Lakini hakuna aliyeniuliza habari ya mkeka, na mimi sasa niko nyumbani, nina nafasi. Kwa hivyo naandika. Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo mkiona herufi zimepinda, someni hivyo hivyo zimepinda.

Nilikuja kibandani nikiwa nimeolewa juzi tu. Wakati huo hakukuwa na mabati wala saruji, ni nguzo na nyasi, na sufuria kubwa nyeusi juu ya mawe. Mwenye sufuria alikuwa Wayua. Alikuwa mrefu, mwembamba, mikono imeingia rangi mpaka kwenye viwiko, na sote tulimwita Mwaitu, yaani mama, hata wale waliokuwa karibu umri wake. Siku ya kwanza alitoa uzi mbichi kwenye sufuria, unachuruzika, akaniwekea mkononi.

"Hii ni rangi gani?"

"Nyekundu, Mwaitu."

"Nyekundu ya nini?"

Nikaugeuza ule uzi kiganjani.

"Ya udongo wa barabarani? Ya jogoo? Ya jicho la mtu aliyelia?"

"Sijui."

"Basi nenda ukakwangue mkonge mpaka ujue."

Nikakwangua mkonge. Nyinyi mnanunua uzi umeshasokotwa, hamjui maji ya mkonge mbichi yanavyowasha. Unajikuna mikono usiku, unajikuna miguu, mume anauliza kama umelala na siafu. Nilikwangua mpaka ngozi ya vidole ikawa ngumu, kisha nikafundishwa kusokota uzi juu ya paja, kisha ndipo Wayua akaniruhusu kusimama karibu na sufuria. Hata hapo niliruhusiwa kuchochea kuni peke yake.

Alikuwa na sheria tatu, na mnazifuata mpaka leo bila kujua ni zake. Ya kwanza, rangi haiamuliwi mchana. Jua la saa sita linapiga kutoka juu na kila kitu kinakuwa cha uongo, nyekundu inakuwa ya machungwa, kijani inakuwa vumbi. Unangoja jua lishuke, unatundika uzi ukutani, unauangalia pale katikati ya mwanga na giza. Na nyinyi mnajua hiyo katikati ya kwetu ni fupi namna gani. Unaita mtoto aje kuoga, akifika hamwonani. Kwa hivyo fundi wa rangi wa hapa anajifunza kuamua haraka. Anatazama, anasema ndio au hapana, na giza linafunga mazungumzo.

Ya pili ilikuwa ya sufuria. Hatukuwa na saa. Kivuli chako kikikuzidi urefu, unaingiza uzi. Giza likiingia, unatoa. Hivyo tu. Ukitoa mapema rangi inakimbia siku ya kwanza ya mvua, ukichelewa uzi unaiva kama mboga.

Ya tatu ni nyeusi. Kati ya rangi na rangi lazima pawe na mstari wa uzi mweusi, na mwisho wa kazi ni mstari mweusi. Wayua alisema bila huo mstari rangi zinaingiliana kama mbuzi wa wenyewe wawili, na kesho ni kesi kwa chifu. Kiondo ambacho hakijazungushiwa nyeusi hatukukiita kiondo. Mtu akiuliza, tunamwambia hicho bado.

Miaka ilikwenda. Sitawaandikia nani alikuwa mwenyekiti na nani mweka hazina, hizo habari hazipaki rangi. Nitawakumbusha tu kwaya moja ya Kalamba iliyotaka mikoba ya rangi ya sare yao. Wakaja na sare. Kila mwimbaji na yake, na kila moja imefuliwa kivyake, moja samawati ya anga, moja samawati ya ndoo ya plastiki, moja karibu kijivu. Mwalimu wa kwaya akanyoosha kidole, "Kama hii." Waimbaji wakaanza kugombana pale pale, hii ipi, kwani sare ni ya nani? Wayua akazikagua sare zote. Alipika samawati tatu, akazichanganya kwenye kila mkoba, na siku ya kuchukua kila mmoja akashika wake akasema, "Afadhali umefuata yangu." Nilijifunza pale kwamba rangi moja ina watu wengi ndani.

Sasa Marit.

Marit alikuwa mzungu wa Norwe. Alikuwa amefundisha ufumaji Kitui miaka mingi, Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni kama chetu, na alikula muthokoi wetu wa mahindi na maharage bila kuulizwa kama anaweza. Aliporudi kwao akawa mwalimu kwenye shule ya ufumaji, lakini kila baada ya muda alikuja kututembelea. Safari moja alikuja na picha iliyochapishwa kwenye karatasi ngumu. Ilikuwa picha ya kuchorwa, si ya kamera. Meza iko nje kwenye nyasi, imetandikwa kitambaa cheupe, juu yake jagi la maziwa. Mwanamke ameketi, ametupa mgongo. Mbele yake shamba linateremka mpaka ziwani. Taa hakuna.

"Hapo ni jioni," Marit akasema. "Karibu saa tano usiku, mwezi wa sita."

Nduku, aliyekuwa mkubwa wa wasukaji, akacheka. "Saa tano ya usiku gani hiyo? Ng'ombe anaonekana mpaka pembe!"

"Ya usiku, Nduku. Kwetu ndivyo."

"Basi huyo mchoraji alikuwa amekunywa."

Tulicheka sote isipokuwa Wayua. Alichukua picha akaenda nayo mlangoni, akaigeuza huku na huku.

"Marit, hiki kitambaa ni cheupe?"

"Ni cheupe."

"Mbona hajatia nyeupe?"

Tukasogea. Kweli, ukiangalia vizuri, kitambaa hakikuwa na nyeupe hata kidogo. Kulikuwa na samawati ya maziwa yaliyotolewa mafuta, na kwenye mikunjo zambarau kidogo, kama ukucha ulioumia jana, na upande mmoja njano iliyochoka. Lakini ukirudi nyuma hatua, ni kitambaa cheupe cha meza. Wayua akaishika ile picha muda mrefu mpaka chai ikapoa.

Marit alitaka tumtengenezee mkeka wa ukutani wa ukumbi wa shule yao, wenye mwanga wa jioni hiyo. Alisema kwao walijaribu na sufu ya kondoo lakini sufu inameza mwanga, na mkonge unaurudisha. Wayua akakubali. Sijawahi kumwona akikubali kitu haraka hivyo.

Alipika msimu mzima. Alipika magome, majani, unga wa rangi wa dukani, akachanganya vitu ambavyo siku nyingine angetuchapa kwa kuchanganya. Akituma nyuzi kwa bahasha, Marit anajibu kwa simu, "Karibu, Mwaitu, lakini si yenyewe." Wayua anamwaga sufuria, anaanza tena.

Ndipo alipoanza kujigonga kwenye vitu. Alikanyaga sufuria moja akapiga kelele, "Nani ameweka hii hapa?" Ile sufuria ilikuwa pale tangu mimi nikiwa bibi harusi. Binti yake akampeleka hospitali ya mji wa Wote. Daktari akasema ni presha ya macho, kwamba kilichokwisha hakirudi, atapewa dawa ya matone ya kuchelewesha kilichobaki. Alirudi akaketi kwenye gunia la mkonge, akaniambia hivi:

"Mbithe, naona kama mtu anayechungulia kwa tundu la kufuli. Katikati kuko sawa. Pembeni kumekwisha. Na tundu linaziba."

"Pole, Mwaitu."

"Wacha pole. Hiyo rangi ya jioni nataka kuiona kabla halijaziba."

Nilichochea kuni.

Marit alipopata habari akamwalika Wayua aende kwao wakati wa kiangazi chao, apikie rangi kule kule, aone mwenyewe. Shule ingelipa njia. Karatasi zikashughulikiwa, pasipoti ikatoka, na Wayua akakataa kwenda. Jicho moja lilikuwa limezima wakati huo, na la pili hakuliamini.

"Nitaona nini mimi? Mlango wa ndege na mgongo wa mtu? Nenda wewe."

"Mimi sijui kuamua kama wewe."

"Hujui. Lakini una macho mawili. Nenda uangalie kwa niaba yangu, na usiniletee hadithi. Niletee uzi."

Karatasi zikaanza tena upya kwa jina langu, na mwaka uliofuata mwezi wa sita nikaenda. Nilibeba gunia la uzi mweupe wa mkonge na magome kwenye mfuko. Kule uwanja wa ndege kijana wa serikali alishika uzi akaunusa, akaniangalia, akaurudisha taratibu sana. Sijui alifikiri ni nini.

Nilifika nimechoka kama niliyekwenda kwa miguu. Chumba nilichopewa kilikuwa na mapazia mazito, meusi, nikalala kama gogo na sikuona kitu. Asubuhi nikawasha moto nyuma ya nyumba ya Marit, kwenye uwanda unaoteremka mpaka ziwani. Marit aliniambia, "Mama Mbithe, huku jua linachelewa." Nikasema sawa. Hata kwetu kuna miezi jua linachelewa kidogo. Alasiri, kivuli changu kilipokuwa kirefu kuliko mimi, nikatia uzi kwenye sufuria, nusu ya gunia, nikaketi kwenye kigogo kungoja giza.

Niliketi. Nikaongeza kuni. Marit akaja kuniita kula, nikamwambia naja giza likiingia. Akaenda. Kivuli changu kikawa kirefu kama mlingoti, kikateremka mpaka kwenye maji, na bado jua liko. Jirani alikuwa anakata nyasi. Mtoto alikuwa anaendesha baiskeli, hakuna wa kumwita ndani. Nikasema moyoni, watu hawa hawafungi mbuzi? Nikaongeza kuni tena. Jua likaenda pembeni, halikushuka, likawa linatembea juu ya msitu kama mtu anayetafuta mlango. Mwishowe likaingia. Nikasimama, nikashika mwiko, nikangoja lile giza la kwetu linaloanguka. Halikuanguka. Nikaketi tena.

Marit akatoka na shali mabegani.

"Mama Mbithe, unangoja nini?"

"Giza, nitoe uzi."

Akaniangalia. Akafunika mdomo. Alijaribu kutocheka na akashindwa.

"Mama, hilo giza utalingoja mpaka mwezi wa nane."

Nikachovya mwiko haraka, nikainua. Uzi ulikatika wenyewe. Ulikuwa umeiva mpaka ndani, kahawia kama chai ya matanga, ukishika unaachana kama tambi. Nusu ya gunia, uzi uliosokotwa kwa mapaja ya wanawake wa Kathonzweni, na nimeupika ukawa supu. Fundi mwingine yeyote duniani angetazama saa. Mimi sikuwa nimewahi kuihitaji. Maisha yangu yote usiku ulikuwa unakuja wenyewe kuniambia kazi imetosha.

Sikulia. Niliona aibu, nikaosha mikono. Marit akanishika kiwiko akanipeleka mezani. Na meza ilikuwa nje, kwenye nyasi, imetandikwa kitambaa cheupe, na jagi la maziwa. Taa hakuna.

"Aliyechora hakuwa amekunywa," nikasema.

"Hapana," Marit akasema. "Keti."

Basi niliketi, na kwa sababu hapakuwa na kazi tena ya kufanya, nikatazama. Nataka nieleze vizuri hapa maana ndicho Wayua alichonituma.

Kwetu mwanga unatoka juu na kila kitu kina kivuli chake, kimesimama peke yake. Kule, saa hiyo, mwanga haukuwa unatoka mahali. Ulikuwa umekaa. Ulikuwa ndani ya nyasi, ndani ya mbao za ukuta, ndani ya maziwa. Kitambaa kilikuwa cheupe na hakikuwa na nyeupe. Ziwa lilikuwa na rangi ya mbingu, mbingu ina rangi ya waridi ya ndani ya kope, na ukitafuta pale ziwa linapokwisha na mbingu inapoanza, hupaoni. Niliweka mkono wangu mezani. Huu mkono mweusi ninaoujua. Ulikuwa na samawati juu ya vidole na shaba pembeni, na nilikuwa sijawahi kuziona hizo rangi mwilini mwangu, na hapo nimeishi nao miaka mingi.

Watu wa nyumba nyingine walikuwa wameketi nje vilevile. Hawaongei sana. Wamekaa tu, watu wazima, kama wanaongoja mgonjwa apate nafuu.

"Hawalali?" nikauliza.

"Watalala kwenye baridi," Marit akasema. "Miezi ile mtu anakwenda kazini gizani, anarudi gizani. Mama yangu alikuwa anawasha taa saa nane mchana. Sasa ukipewa jioni kama hii, unaingiaje ndani?"

"Na inakwisha saa ngapi?"

"Haiishi. Unachoka wewe kwanza."

Nikamfikiria Wayua na tundu lake la kufuli. Kwetu mwanga huu huu upo, msiseme haupo. Unapita. Unapita kati ya kuita mtoto na mtoto kufika. Wayua maisha yake yote aliamua rangi kwenye huo mlango mwembamba, na huku kuna watu wamepewa uwanja mzima.

Kesho yake Marit akanipeleka mjini kwenye jumba la picha, nikaiona ile picha yenyewe, kubwa kama mlango. Pembeni yake zilikuwa nyingine za wachoraji wengine, wote walitoka nje saa hizo hizo na vijiti vyao vya rangi, mmoja amechora mashua, mwingine wasichana kwenye daraja la mbao, mwingine njia tupu tu. Nilisogea karibu mpaka mlinzi akakohoa. Nilitaka kuona wapi shamba linakutana na ziwa. Nikatafuta mstari. Hakuna mstari. Kijani kinachoka, kinapokea samawati kidogo, kinapokea tena, na kabla hujajua uko majini. Na nyeusi nilitafuta picha nzima. Hata nywele za yule mwanamke hazikuwa na nyeusi.

Pale nikajua kwa nini bahasha zote za Wayua zilikataliwa. Hakuwa amekosea rangi. Tulikuwa tunatafuta uzi mmoja wa kufungiwa kati ya mistari miwili myeusi, na ile haikuwa rangi ya kufungiwa.

Nilirudi kwenye sufuria na nusu ya gunia iliyobaki. Safari hii nilitazama saa ya Marit ya jikoni, na nilitoa uzi kidogo kidogo, mmoja haujafika, mwingine umefika nusu, mwingine umepita kidogo, nikatia sufuria nyingine, nikatoa vilevile. Niliutundika kwenye kamba nje, na nilikuwa na jioni nzima ya kuamua, na nyingine kesho. Sijawahi kufanya kazi bila kukimbizwa kama siku zile. Nilirudi nyumbani na nyuzi ambazo ukizishika mbili huoni tofauti, ukishika wa kwanza na wa mwisho unaona ni za nchi mbili.

Nilipofika Kathonzweni binti ya Wayua alinipokea njiani. "Jicho lililobaki linakwenda," akasema. "Asubuhi ananiuliza kama nimefungua dirisha." Sikupumzika. Niliweka fremu ya mbao, nikaanza kusuka siku iliyofuata. Mikeka miwili, mmoja wa shule ya Marit, mmoja wa hapa, nikaanza na wa hapa, Wayua auone.

Nduku alikuja akasimama nyuma yangu.

"Nyeusi iko wapi?"

"Haiingii."

"Haiingii vipi? Hii samawati na hii njano zinalala kitanda kimoja?"

"Ndio."

"Mbithe, umekwenda Uzunguni wakakulainisha kichwa. Hiyo ni kazi haijaisha. Ukimpelekea Marit kama hii atairudisha, na hasara ni yetu sote. Jina la kibanda hiki limejengwa na mstari mweusi."

Hakuwa anasema upuuzi. Mstari mweusi ndio uliotulisha, na ningekuwa mimi ni yeye ningesema hivyo hivyo, pengine kwa sauti kubwa zaidi. Wasukaji wengine wakawa upande wake. Uzi mweusi ukaletwa ukawekwa karibu na kiti changu, ukae pale unitazame. Nikasuka. Usiku nilisuka kwa taa ya sola, nikifuata mpangilio wa nyuzi kwa mikono tu, kwa sababu niliogopa tundu la Wayua kuziba kuliko nilivyomwogopa Nduku.

Siku mkeka ulipotoka kwenye fremu nilimleta Wayua kibandani. Tuliutundika ukutani nje, upande wa magharibi, na tukangoja jua lishuke. Alishikwa mkono akaletwa mpaka karibu, karibu kabisa, pua inagusa mkonge. Wasukaji wote wakaja, na Nduku mbele, na uzi mweusi mkononi.

Wayua alianza kutoka upande wa njano. Kwa hilo tundu lake aliweza kuona kipande kama kiganja, basi alikuwa anasogeza kichwa polepole, kama mtu anayesoma barua neno kwa neno. Alifika katikati. Akasimama. Akarudi nyuma. Akaenda tena.

"Mbithe."

"Naam, Mwaitu."

"Nimetoka kwenye njano. Sasa niko wapi?"

"Kwenye samawati."

"Nilivuka saa ngapi?"

"Hakuna pa kuvukia."

Akarudi mpaka mwanzo. Jua lilikuwa limegusa kilima na nilikuwa nahesabu pumzi, najua dakika zetu. Akaenda mpaka mwisho tena, kichwa kinatembea, mdomo uko wazi kidogo. Kisha akacheka. Ni watu wachache hapa waliowahi kumsikia Wayua akicheka kazini.

"Hata kwa tundu hili sioni ukingo," akasema. "Afadhali nimekutana na kitu ambacho hata mwenye macho yote hakioni pembe zake."

Nduku akanong'ona, lakini Nduku hajui kunong'ona. "Lakini Mwaitu, hii kazi bado."

"Ndio," Wayua akasema, bila kugeuka. "Umesema vizuri. Hiyo rangi inaitwa Bado."

Nduku akatazama uzi mweusi mkononi mwake. Akaukunja, akautia mfukoni. Giza likaingia vile linavyoingia kwetu, na tukaingiza mkeka ndani.

Wa pili ulikwenda Norwe. Marit alipiga simu, hakusema sana. Alisema wameutundika na watu wa kijiji wamekuja, na mzee mmoja alisimama mbele yake akavua kofia, akaketi. Kisha Marit akasema, "Ndiyo yenyewe, mwambie Mwaitu." Nilimwambia. Akasema, "Najua." Alikuwa amebakiza mwanga tu wakati huo, na baada ya mvua za mwaka ule hata mwanga ukaondoka.

Basi hiyo ndiyo habari ya mkeka ulio juu ya mlango. Hakuna aliyeugua. Uzi haukuisha. Ukichakaa mtautia viraka, na nyuzi za viraka nimewaachia kwenye debe la bluu, zimefungwa kwa mpangilio wake. Msizichanganye. Na yeyote atakayeuzungushia mstari mweusi kwa kuona huruma, nitasikia, Kathonzweni si kubwa. Kazi nyingine zote wekeni nyeusi kama kawaida. Saa ya ukutani mmenunua, sawa, lakini kivuli bado kinafanya kazi na hakihitaji betri.

Wayua yuko. Nyumba yake na yangu zinagawana ua wa minyaa, na sasa nimestaafu naketi naye kila jioni. Tunapika chai. Yeye anauelekeza uso magharibi kwa mazoea. Nyenje wakianza kulia mimi sioni tena kikombe changu, na hapo ndipo anapouliza, kila siku, kwa sauti ile ile ya enzi za kungoja kutoa uzi sufuriani:

"Mbithe, giza limeingia?"

Mnanijua. Watoto wangu niliwachapa wakisema uongo, na wajukuu wananiogopa kwa sababu hiyo hiyo. Natazama mlima, hauonekani. Natazama mkono wangu, hauonekani.

"Bado, Mwaitu."

Nyenje anawasikia kuliko mimi. Anatabasamu kidogo, anasogeza kikombe chake kwa kupapasa.

"Basi wacha sufuria motoni kwanza."